Nyuki wa Dhahabu Kifuani

  

Mwezi huu sianzi na homa wala chanjo kama mlivyozoea. Naanza na kidani kidogo, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki kulitenda. Nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Leo naliandika ili mama mwingine asilirudie.

Katika kikundi chetu cha akina mama hapa Mwanza alikuwamo mama mmoja kijana, mjane, mwenye watoto wawili. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mpole na mwepesi wa kazi. Siku ya zamu ya kufagia kanisa alifika kabla ya mwenye ufunguo. Jumapili moja alikuja amevaa mkufu mwembamba, na kwenye mkufu ule kinaning'inia kidani chenye umbo la nyuki, rangi ya dhahabu. Ni mapambo ya aina ile inayopangwa mezani kule Makoroboi, pamoja na vipepeo na kereng'ende wa bati, bei ambayo hata mama wa hali ya chini anaimudu.

Mmoja wetu alikuwa amesikia mahali kwamba nyuki ni alama ya mungu wa kike wa kipagani. Neno likatembea. Kufikia Alhamisi, siku ya mkutano wetu, nyuki yule alikuwa amekwisha kuwa pepo. Tukaketi watu wanne wa kamati, tukamwita. Tukamwambia avue. Mimi ndiye niliyefungua Biblia na kusoma. Yule mama alitutazama, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, kisha akanyamaza. Akavua mkufu, akaufunga katika pindo la kanga, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile ya baadaye.

Na sisi tukasema, "Mnaona? Pepo limeshindwa kukaa na watu wa Mungu." Bwana atusamehe.

Baada ya miezi kama mitatu alimleta mtoto wake kliniki, nikawa zamu. Nilipomaliza kumpima mtoto nikamwuliza kwa nini ametukimbia. Akasema, "Sista, mama yangu alikuwa akiuza asali kule Tabora, kwenye chupa, kando ya barabara. Kwa asali hiyo alitulea watoto watano. Nilipofaulu kwenda sekondari alininunulia kile kidani, akaniambia, 'Hawa ndio wanaokulipia ada, usiwasahau.' Amefariki. Nilikuwa navaa siku ninapomkumbuka."

Nikamwuliza, "Kiko wapi sasa?"

Akasema, "Nilikitupa ziwani, nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Mliniambia ni pepo. Mimi nina watoto, Sista. Niliogopa."

Sikuwa na la kujibu. Tulikuwa watu wanne, tena wazima, wenye Biblia mikononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali moja dogo: Mwenzetu, hiki umekipata wapi?

TULISIKIA NUSU YA HABARI

Tangu siku ile nilitafuta kujua habari za nyuki katika dini za kale. Nilimwuliza mchungaji, niliazima vitabu, nilisoma tena Biblia yangu. Nikagundua kwamba lile neno tulilosikia halikuwa uongo mtupu. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kuumiza kuliko uongo.

Tuanze Misri. Katika Misri ya kale cheo cha Farao kiliandikwa kwa picha mbili: mmea wa mtoni, na nyuki. Mmea ulikuwa alama ya Misri ya Juu, yaani kusini. Nyuki alikuwa alama ya Misri ya Chini, kaskazini, kule ambako Mto Nile, unaotoka katika ziwa letu hili, unaingia baharini. Alama hizo zilitumika kwa zaidi ya miaka 2,500. Wamisri walisimulia pia kwamba mungu wao wa jua, Ra, alilia, na machozi yake yalipoanguka chini yakageuka kuwa nyuki.

Mapambo yao yalijaa wadudu. Sisi tuliokulia Usukumani kwenye ng'ombe tunamfahamu yule mdudu mweusi anayeviringisha donge la kinyesi kwa miguu ya nyuma. Wamisri walimtazama wakasema, hivyo ndivyo jua linavyosukumwa angani. Wakachonga mfano wake kwa mawe, wakauvaa kwenye pete na mikufu. Mwingine mkubwa zaidi waliuweka kifuani mwa maiti, chini yake yameandikwa maneno ya kuuomba moyo wa marehemu usimshitaki mwenyewe siku ya hukumu. Fikiri, mama mwenzangu: kito cha kunyamazisha dhamiri!

Hata inzi alivaliwa. Mwaka 1859 lilifunguliwa kaburi la malkia mmoja wa Misri aitwaye Ahhotep. Ndani yake ulikutwa mkufu wenye inzi watatu wakubwa wa dhahabu. Wataalamu wengi wanaona kwamba inzi wa namna hiyo walikuwa nishani ya ushujaa vitani, maana inzi hafukuziki, ukimpunga anarudi.

Tuvuke bahari twende Ugiriki. Katika kisiwa cha Krete, mahali paitwapo Malia, kilichimbuliwa kidani cha dhahabu chenye nyuki wawili wanaotazamana huku wameshika duara katikati yao, kama kipande cha sega. Umri wake ni yapata miaka 3,700, na kimehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Heraklion. Katika kisiwa cha Rhodes, karne ya 7 kabla ya Kristo, mafundi walitengeneza vibati vya dhahabu vya kuvaa vyenye sura ya mwanamke mwenye mabawa, kuanzia kiunoni kwenda chini ni nyuki. Na makuhani wa kike wa baadhi ya miungu ya Wayunani waliitwa Melissai, maana yake "nyuki". Jina Melissa, ambalo baadhi yetu tumewapa binti zetu, limetoka katika neno hilo hilo.

Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya 19. Mji wa Efeso ulikuwa na hekalu la mungu wa kike Artemi, hekalu lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Mdudu wa mji ule alikuwa nyuki. Sarafu za Efeso zilipigwa chapa ya nyuki kwa karne nyingi, na sanamu za Artemi zilizochimbuliwa huko zina nyuki waliochongwa kwenye vazi lake. Kwa hiyo yule aliyetuambia kuhusu mungu wa kike hakuota. Jambo lilikuwapo.

Lakini angalia vurugu za Efeso zilianzishwa na nani. Hazikuanzishwa na nyuki. Zilianzishwa na Demetrio, mfua fedha, aliyekuwa akitengeneza vihekalu vidogo vya fedha na kuviuza. Paulo alipohubiri kwamba vilivyofanywa kwa mikono si miungu, Demetrio aliona biashara inaanguka, akakusanya mafundi wenzake. Mji mzima ukapiga kelele muda wa saa mbili. Tatizo la Efeso halikuwa fedha, wala umbo lililofuliwa. Tatizo lilikuwa tumaini la watu, na faida ya wale waliolifanyia biashara tumaini hilo.

NYUKI NDANI YA BIBLIA

Hili ndilo lililonitoa machozi. Unajua jina Debora maana yake nini katika Kiebrania? Nyuki. Debora nabii, aliyeketi chini ya mtende akiwaamua Israeli, aliyemwambia Baraka asimame na kwenda vitani (Waamuzi 4), alikuwa akiitwa Nyuki kila siku ya maisha yake. Mungu hakumwagiza abadili jina.

Tena yuko Debora mwingine ambaye hatumhubiri sana. Katika Mwanzo sura ya 35 anatajwa Debora, mlezi wa Rebeka. Amekufa, akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mti ule ukaitwa mwaloni wa kilio. Mimi kama muuguzi nampenda sana mama huyu. Alikuwa mtumishi tu, lakini alipokufa watu walilia mpaka mti ukapewa jina.

Sasa rudi nyuma mistari michache katika sura hiyo hiyo. Yakobo aliwaagiza watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni. Wakampa miungu ile pamoja na pete zilizokuwa masikioni mwao, naye akavizika vyote chini ya mwaloni ulioko Shekemu. Mialoni miwili katika sura moja! Chini ya mmoja zimezikwa hereni, kwa sababu zilikwenda pamoja na miungu. Chini ya mwingine amezikwa mwanamke aitwaye Nyuki, kwa heshima na machozi. Sisi siku ile ya Alhamisi tulichanganya mialoni hiyo miwili. Tulichukua kumbukumbu ya mama mwema, tukaizika pamoja na miungu migeni.

Mfano mwingine ni ule wa nyoka ya shaba. Musa aliifua kwa agizo la Mungu mwenyewe, na walioumwa na nyoka waliitazama wakapona (Hesabu 21). Karne nyingi baadaye watu wakawa wanaifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18). Shaba ni ile ile, umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni mioyo ya waliokuwa wakiitazama.

Na kanisa lenyewe halikumkimbia nyuki. Ambrosi, askofu wa Milano aliyefariki mwaka 397, anahesabiwa kuwa msimamizi wa wafuga nyuki, na mishumaa ya ibada ilitengenezwa kwa nta kwa karne nyingi. Papa Urbano wa 8, aliyeongoza Kanisa Katoliki toka 1623 hadi 1644, alikuwa na nyuki watatu katika ngao ya ukoo wake, nao wamechongwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma hadi leo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo akina mama tutalifurahia. Watu wa kale, hata wenye elimu kama Aristotle, waliamini kwamba mkuu wa mzinga ni mfalme. Farao naye alijifananisha na nyuki akiwa mwanamume. Mwaka 1609 kasisi mmoja Mwingereza, Charles Butler, alichapisha kitabu akieleza kwamba mkuu yule ni wa kike. Ni kweli. Ni mama, ndiye anayetaga mayai ya mzinga wote. Na wale unaowaona mauani wakihangaika kutafuta chakula, wote ni wa kike. Yule mama wa Tabora alijua alichokuwa anamwambia binti yake.

KWETU KANDO YA ZIWA

Tusidhani kwamba haya ni ya Wamisri na Wayunani peke yao. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, uko ukoo mzima unaoitwa Nsenene, na mdudu huyo ni mwiko wao, hawamli. Tena kwa desturi ya zamani ya Waganda, na ya ndugu zetu Wahaya vilevile, mwanamke aliwakusanya senene, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, lakini kuwala ilikuwa haki ya mume. Siku hizi senene wa Bukoba wanauzwa hapa Mwanza, na akina mama tunakula bila wasiwasi. Desturi ile ilipambanua koo, tena iliwagawa wanaume na wanawake, lakini mdudu mwenyewe hakuwa na dhambi.

Nenda Bujora, pale Kisesa, ukatazame vifaa vya watemi wa Kisukuma. Watemi wetu walivaa kibangwa, kipande cha mviringo cha kombe la baharini, kuwa alama ya utawala. Alama ya utawala ni jambo moja. Kitu kinachodaiwa kuwa na nguvu za kulinda au kutajirisha ni jambo lingine kabisa, na hapa kwetu Kanda ya Ziwa tofauti hiyo imegharimu maisha ya watu.

Mnakumbuka. Kuanzia mwaka 2007 habari zilienea dunia nzima juu ya ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo hapa Mwanza, Shinyanga, Geita na kwingineko, kwa sababu waganga waliwaambia watu kwamba viungo vile vinaleta samaki nyavuni na dhahabu machimboni. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Akina mama walilala na watoto wao wakiwa wamewakumbatia kwa hofu. Huo ndio uabudu sanamu wenyewe: kuamini kwamba kitu, au hata kipande cha mtoto wa mwenzako, kitakupa kile ambacho Mungu hajakupa. Ukiweka jambo hili kando ya nyuki wa bati wa Makoroboi, utaona jinsi tulivyomfukuza inzi huku fisi ameingia zizini.

YALIYONIKUTA WODINI

Miezi michache baada ya mkutano wetu ule, mmoja wa wanakamati, tena yule aliyesema kwa ukali kuliko wote, alifika hospitali usiku akiwa amembeba mjukuu mwenye degedege. Ilikuwa malaria. Nilipomvua mtoto nguo nikaona kiunoni kamba nyeusi na kifuko kidogo cha ngozi kilichoshonwa. Tulitazamana. Mtoto alikuwa amekaa na homa siku mbili nyumbani, wakingoja kifuko kifanye kazi. Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Mama yule ameniruhusu kuandika habari hii. Alisema, "Andika, maana siko peke yangu."

Nilipotoka pale nilijiona mwema. Kisha nikakumbuka msalaba wangu mdogo wa shingoni. Kwa miaka mingi sikuweza kwenda zamu ya usiku bila huo. Siku moja niliusahau, nikarudi nusu ya njia kuuchukua, nikachelewa kazini, mgonjwa akanisubiri. Sikurudi kwa sababu ya kumpenda Kristo. Nilirudi kwa sababu niliogopa kwamba bila kile chuma kitatokea kibaya. Basi, mama mwenzangu, hirizi ilikuwa ya nani? Mwenye nyuki alikuwa akimkumbuka mama yake. Mimi mwenye msalaba nilikuwa nimeugeuza kuwa kifuko cha ngozi.

Sijauacha msalaba wangu. Lakini siku nyingine kwa makusudi nauacha kabatini, naenda zamu nikiwa na maombi tu, ili nijikumbushe ni nani anayelinda.

MASWALI MATATU

Mtume Petro (1 Petro 3) alituambia kwamba uzuri wetu usiwe wa mapambo ya nje bali wa moyo. Tumezoea kulitumia neno hilo kupima shingo na masikio ya wenzetu. Mimi sasa naanza na langu, kwa maswali haya matatu:

1. Je, nikikipoteza kitu hiki nitasikitika, au nitaogopa? Kusikitika ni kwa kawaida, maana vitu hubeba kumbukumbu. Lakini ukiogopa kwamba mabaya yatakupata, kitu hicho kimekaa mahali pa Mungu, hata kama kina umbo la msalaba.

2. Je, niliambiwa kina nguvu, na aliyeniambia alilipwa? Kumbuka Demetrio. Pete ya bahati, bangili ya kuvuta mume, mkufu wa kufukuza husuda, hivi vinauzwa kwa hofu zetu. Na bei yake huongezeka kadiri hofu inavyoongezeka.

3. Je, kinamzuia mtoto wangu kupata tiba au kinamwumiza jirani? Kama mtoto ana homa na wewe unangoja kamba ifanye kazi, acha kungoja. Mlete hospitali. Sisi wauguzi nasi tujifunze kutoikata kamba kwa dharau, bali tuzungumze na mama kwanza, ili kesho asiogope kurudi.

Na kabla ya kumhukumu mwenzako kwa alichovaa, liko swali la nne, la kumwuliza yeye kwa upole: Dada, hiki kina habari gani? Kisha unyamaze, usikilize.

NENO LA MUUGUZI

Kwa kuwa tumezungumza juu ya nyuki na mapambo, nisiwaache bila ushauri wa nyumbani.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kidogo, hata ya kuchovya kidole. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kulegea mwili kwa watoto wachanga. Mtoto mchanga ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6.

Mtu akiumwa na nyuki, ondoa mwiba upesi iwezekanavyo, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Lakini akivimba midomo au uso, akipumua kwa shida, akitapika au kuzimia, usisubiri dawa ya nyumbani. Mkimbize hospitali, anahitaji sindano mara moja. Vilevile aliyeumwa na nyuki wengi kwa pamoja, hata kama anaonekana mzima.

Mapambo ya bei nafuu mara nyingi yana madini ya nikeli. Ukiona ngozi ya shingo au sikio inawasha, inakuwa nyekundu au inatoa maji, vua, usifunike na poda. Unaponyonyesha usivae kidani kidogo kinachoweza kukatika. Mtoto akikimeza kinaweza kuziba njia ya hewa. Na mama mjamzito ambaye vidole vinaanza kuvimba, vua pete mapema kabla haijabana. Uvimbe wa mikono na uso pamoja na kuumwa kichwa ni dalili ya kwenda kliniki siku hiyo hiyo, maana shinikizo la damu linaweza kuwa limepanda.

TULIVYORUDI KWAKE

Mnataka kujua yule mama kijana yuko wapi. Tulikwenda nyumbani kwake wote wanne. Nilizungumza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma maandiko siku ile. Tulimwomba msamaha bila kuweka "lakini" katikati. Alitupikia chai. Watoto wake walitusalimia shikamoo kama kawaida, kana kwamba hatukuwahi kumkosea mama yao.

Mmoja wetu alikuwa amenunua kidani kingine cha nyuki, kizuri zaidi, akampa. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamrudishia polepole. Akasema, "Ahsante, mama. Lakini hiki si kile."

Sasa anakuja kanisani. Anakaa nyuma, karibu na mlango. Kwenye kikundi bado hajarudi, nasi hatumsukumi. Kila Alhamisi tunamwekea kiti.

Mama mwenzangu, kama kuna mtu uliyewahi kumvua kitu bila kumwuliza, usingoje miezi mitatu kama mimi. Mwendee wiki hii. Mithali 16 inafananisha maneno mazuri na sega la asali, na kwamba yanaponya hata mifupa. Nami kwa miaka yangu ya wodini nimeona kwamba ni kweli.

Bwana awabariki, awalindie na watoto. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.